Nilimpa mpelelezi mstaafu wa kodi avisome vitabu vyangu, Ngamiani

Wafanyabiashara wenzangu wa Tanga, nasema mapema ili asiye na muda asihangaike kufika mwisho: hela niliyomlipa mzee huyu imekwenda mahali pake. Kama una duka la jumla, tanuri la mikate, mashine ya kusaga au malori yanayopanda Lushoto na kushuka, nenda ukamwone.

Jina lake silitaji, kwa kuwa yeye mwenyewe hapendi. Ni Mbondei wa Muheza. Alianza kazi akiwa afisa forodha kijana katika bandari yetu hii hii, akamalizia Dar es Salaam akiwa mpelelezi mwandamizi wa makosa ya kodi. Sasa amestaafu, amekodi chumba cha ghorofani katika moja ya barabara zetu za namba, juu ya duka la vipuri vya baiskeli, na huduma zake ni mbili. Ya kwanza ni darasa la jioni kwa wafanyabiashara, shilingi 120,000 kwa mzunguko mzima. Ya pili anaiita kusoma vitabu, na bei yake ni shilingi 400,000 kwa hesabu za mwaka mmoja. Unampelekea madaftari, risiti, taarifa za benki na chochote ulichonacho, anakaa navyo na kuvisoma kama alivyokuwa akivisoma vya watuhumiwa, kisha anakuita na kukwambia kila alichokiona.

Hajazi ritani, yaani fomu za kutangaza mapato na kodi. Hakusindikizi ofisini kwenda kukuombea. Na ukimuuliza namna ya kuficha mauzo, anafunga kalamu yake na kukuonyesha ngazi. Nililiona likitokea kwa bwana mmoja mwenye maduka mawili, mtu mzima na heshima zake, na sikumwonea huruma.

Mimi nauza unga, sukari na sabuni kwa jumla. Wateja wangu ni wenye maduka ya Pongwe, Mkinga na Pangani, na akina mama wa maandazi wa hapa hapa mjini. Nilitegemea mzee aanze na daftari la mauzo, maana ndilo tunalolitunza kwa hofu. Hakuligusa. Kitu cha kwanza alichoomba ni daftari la makuli.

Nilishangaa, akanieleza kwa upole. Makuli wangu hulipwa kwa mfuko, kushusha na kupakia, na kijana wangu wa stoo huandika kila jioni. Kuli hakubali kudhulumiwa mfuko hata mmoja, na mimi sikubali kumlipa mfuko asioubeba, kwa hiyo daftari lile lina walinzi wa pande zote mbili. Hakuna aliyeliandika akiifikiria kodi. Akalichukua, akahesabu mifuko iliyoingia na iliyotoka mwezi kwa mwezi. Halafu ndipo akaomba hesabu ya stoo ya Januari mosi, manunuzi ya mwaka mzima na hesabu ya stoo ya mwisho wa Desemba. Iliyokuwepo, jumlisha iliyonunuliwa, toa iliyobaki: mifuko iliyotoka lazima iwe imeuzwa, imeharibika au imeliwa nyumbani. Akaiweka hesabu hiyo kando ya ripoti za Z, yaani jumla ya mauzo ya kila siku inayotolewa na mashine yangu ya EFD ya risiti za kodi, siku kwa siku, akitafuta siku ambazo makuli walifanya kazi na mashine haikutoa risiti.

Hesabu zilikubaliana, isipokuwa mifuko iliyolowa masika stoo ilipovuja. Hapo ndipo nilipomwona mpelelezi waziwazi. Hakuniuliza kama ni kweli ililowa. Aliuliza: nani aliiona, iliandikwa siku gani, picha ziko wapi, ilitupwa wapi, na aliyeitupa alilipwa kwa karatasi gani? Bahati kijana wangu alikuwa ameandika tarehe na kupiga picha kwa simu. Mzee akaniambia nichapishe picha zile, nizibandike kwenye daftari, na kijana atie saini siku hiyo hiyo jambo linapotokea. Maelezo yanayoandikwa miaka mitatu baadaye, mbele ya afisa, hayana uzito wowote.

Alichokikuta kibaya ni risiti za sabuni. Kulikuwa na risiti kutoka kwa msambazaji mmoja ambazo kwa macho hazikuwa na kasoro: namba, tarehe, alama ya mraba ya kuskani, kila kitu. Akazihakiki moja moja kwa simu ya mjukuu wake kwenye mfumo wa Mamlaka ya Mapato, TRA, ambao uko wazi kwa kila mtu. Mbili zikaleta kiasi tofauti na kilichoandikwa kwenye karatasi. Maana yake, kodi ya manunuzi, ile ya ongezeko la thamani ninayoilipa nikinunua na kuikata kwenye ninayodaiwa, niliyoidai kwa risiti zile ingekataliwa, na mimi ndiye ningeulizwa, ingawa nililipa benki pesa kamili. Nilimfuata msambazaji nikiwa na hati za malipo mkononi na jambo likarekebishwa. Kwa hilo peke yake gharama ya mzee ilirudi, na zaidi ya kurudi.

Tangu hapo dukani kwangu risiti ya manunuzi inahakikiwa kabla gari halijashushwa. Vilevile inatolewa kopi. Hili la kopi watu wa pwani tulizingatie kwa dhati. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inatutaka tutunze kumbukumbu kwa miaka mitano, na karatasi ya EFD haichapwi kwa wino, inachapwa kwa joto. Iache kwenye droo kwa hili joto na unyevu wa Tanga, baada ya muda unabaki na karatasi nyeupe. Mzee ameshaona mtu mwadilifu akimwaga fuko la karatasi nyeupe mezani kwa mpelelezi, akiapa kwamba zote zilikuwa risiti.

Darasani mambo ni hayo hayo, ila kwa mifano ya watu wengi. Kulikuwa na kijana mwenye tanuri la boflo. Mzee akamwuliza mfuko wa unga wa kilo 50 unatoa mikate mingapi, akataja. Anatumia hamira pakiti ngapi? Akataja. Kuni? Mifuko ya plastiki ya kufungia? Kila jibu mzee aliliandika ubaoni, kisha akatuonyesha kwamba kila kimoja cha vitu hivyo, peke yake, kinatosha kukisia mikate iliyotoka tanurini kwa mwezi, na vikikubaliana vyote hakuna daftari la mauzo linaloweza kubishana navyo. Kwa mwenye mashine ya kusaga akauliza yuniti za LUKU. Mashine ya kusaga haili umeme bila kusaga. Anayesema amesaga debe chache huku akinunua yuniti nyingi anakuwa amejieleza mwenyewe. Na kwa mtu asiye na daftari lolote kuna njia nyingine: wapelelezi wanaangalia mali yake imeongezeka kiasi gani tangu mwanzo wa mwaka hadi mwisho wake, wanajumlisha alichokula na kusomeshea watoto katikati, wanatoa kipato alichokitangaza, na kinachobaki ndicho anachoulizwa. Nyumba ya Sahare haijengwi kwa faida ya laki mbili kwa mwezi.

Kijana mmoja akamchomekea habari za Al Capone wa Chicago. Mzee akajibu kwa kifupi kwamba yule bwana hakuhukumiwa kwa mauaji. Mwaka 1931 alifungwa miaka 11 kwa kodi, baada ya mpelelezi Frank Wilson kukuta madaftari ya nyumba ya kamari yaliyokuwa yamekamatwa zamani na kusahaulika, kisha akamtafuta kwa mwandiko mtu aliyeyaandika, mpaka akampata. Akasema hilo la mwandiko ndilo la kushika, halafu akaturudisha kwenye boflo.

Sehemu iliyonifungua macho kuliko zote ni alipotenganisha mkaguzi na mpelelezi. Sisi huku tunawaita wote kwa jina moja, watu wa kodi, na tunawaogopa kwa hofu moja. Hofu hiyo haikuanza jana. Mama yangu aliuza khanga, na mwaka 1983, wakati wa msako wa wahujumu uchumi, alikesha akijiuliza doti alizonazo zihesabiwe biashara au ulanguzi. Mei 2023 wenzetu wa Kariakoo walifunga maduka kwa sababu za aina hiyo hiyo. Basi mzee anasema mkaguzi anauliza swali moja: kodi iliyolipwa ni sahihi? Ukikosea kwa kutojua, utalipa iliyopungua, na riba, na adhabu. Mpelelezi anauliza swali la pili: ulikusudia? Anatafuta daftari mbili za duka moja, risiti moja iliyosindikiza gari mara nne, kampuni isiyo na stoo wala mfanyakazi inayouza risiti tupu, akaunti ya shemeji inayopokea mauzo. Kusudi ndilo linalolitoa jambo kwenye hesabu na kulifanya jinai.

Na mzigo wa kuthibitisha nao unahama. Hili sikuwahi kulisikia kokote. Ukikata rufaa kwenye Bodi ya Rufani za Kodi kupinga makadirio, ni wewe mlipakodi unayetakiwa kuonyesha kwamba makadirio yamezidi au yamekosewa. Usipoleta karatasi, umeshindwa. Lakini ukishtakiwa kwa kosa la kukwepa kodi mahakamani, mzigo ni wa Jamhuri, na lazima ithibitishe bila kuacha shaka. Ndiyo maana, anasema, mpelelezi mzuri ni mwoga wa karatasi yake mwenyewe. Daftari lichukuliwe kwa hati ya ukamataji, liorodheshwe, shahidi atie saini, lijulikane lilikaa kabati gani na ufunguo alikuwa nao nani, mpaka siku litakapopokelewa mahakamani kama kielelezo. Ametuhadithia kesi aliyoifanyia kazi kwa muda mrefu ikafa kwa sababu orodha ya vitu vilivyochukuliwa haikuwa na saini ya mwenye duka. Hakumtaja mtu wala mahali. Ila uso wake ulionyesha kwamba bado inamuuma.

Kutoka hapo akaingia kwenye pingamizi, na hapa nawaomba msome taratibu. Ukiletewa makadirio usiyokubaliana nayo una siku 30 za kuandika pingamizi kwa Kamishna Mkuu. Unatakiwa ulipe kwanza kiasi usichobishania au theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa, kile kilicho kikubwa, isipokuwa ukiomba na kukubaliwa kupunguziwa kwa sababu za msingi. Uamuzi wa pingamizi ukikuumiza, unakwenda Bodi, kutoka Bodi Baraza la Rufani za Kodi, na kutoka Baraza Mahakama ya Rufani. Mzee anasema wengi wetu siku 30 tunazimaliza kwa kuulizana misikitini na vijiweni nani anamjua nani. Tukichoka kuuliza, muda umepita na makadirio yamekuwa deni.

Nilipenda sana jioni aliyotuhadithia kazi ya forodha. Aliingia zamani kabla ya TRA, wakati Forodha, Kodi ya Mapato na Kodi ya Mauzo zilikuwa idara tatu za Hazina, kila moja na mafaili yake na wivu wake. TRA iliundwa kwa sheria ya mwaka 1995 na kuanza kazi Julai 1, 1996. Hapo ndipo kwa mara ya kwanza afisa aliweza kuliweka faili la mzigo ulioingia bandarini juu ya meza moja na faili la mapato ya mwenye mzigo. Kwake upelelezi wa kweli ulianzia hapo. Kodi ya ongezeko la thamani ikaja 1998, mashine za EFD zikaja 2010, na kila chombo kipya kilizaa ujanja wake, naye ikabidi ajifunze upya akiwa na mvi.

Alifanya doria katika bandari bubu zetu, kule Kigombe, kule Moa, vichochoro vya mikoko ambavyo nyinyi mliozaliwa huku mnavijua. Mashua inaingia na maji makuu usiku, sukari na mafuta ya kula kutoka ng'ambo, na kijiji kizima kinashusha. Anasema kukamata mashua ni kazi ya usiku mmoja. Kumpata mwenye mzigo ni kazi ya mwaka, kwa sababu nahodha hamjui, kuli hamjui, na mwenye gari amepigiwa simu na namba iliyokwishazimwa. Alichokifuata yeye ni pesa ya mafuta ya mashine ya mashua. Lazima mtu aliyalipia mahali. Mwaka 2012 kikosi kazi cha kimataifa cha kupambana na fedha haramu, FATF, kiliyaingiza makosa ya kodi katika orodha ya makosa yanayozalisha fedha haramu, na anasema tangu hapo kuomba taarifa za benki kukawa na nguvu zaidi.

Aliulizwa kuhusu rushwa, swali lenyewe likaulizwa na mama wa Makorora bila kuzunguka. Akajibu bila kuzunguka vilevile. Inakuja kwa sura ya wema: lifti ya gari kutoka Segera, mbuzi wa Idi, ada ya mtoto iliyokwisha kulipwa kabla hujajua. Miaka yote ya kazi hakupanda gari la mfanyabiashara, na harusi alizialikwa akapeleka udhuru. Mkewe alilalamika kwamba wanaishi mjini kama wageni. Mimi namwamini, kwa sababu nimeona anavyoishi sasa: kiti cha plastiki, feni moja, na ngazi ambazo anazipanda mwenyewe kwa goti linalouma.

Mpwa wangu nilikwenda naye siku ya vijana, maana mzee ana jioni moja ya bure kwa wanaotaka kazi hii. Waliojaa humo wengi walikuwa na digrii na bahasha. Hakuwapaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Mwaka 2025 TRA ilitangaza nafasi 1,596 na walioomba walizidi 130,000, aliwaambia, kwa hiyo asiyeitwa asijione mjinga. Njia alizozitaja ni uhasibu, sheria, takwimu, kompyuta, na masomo ya forodha na kodi katika Chuo cha Kodi kule Mikocheni. Mwenye uhasibu asiishie digrii, afanye mitihani ya NBAA, bodi ya taifa ya wahasibu na wakaguzi. Upelelezi wenyewe huanzi nao: unapitia kwenye dawati la walipakodi, kwenye ukaguzi, kwenye mpaka kama Horohoro, mpaka wakubwa waone una jicho na una mdomo uliofungwa. Baadaye kuna mafunzo ya pamoja na nchi nyingine, hasa chuo cha Afrika cha upelelezi wa kodi na makosa ya fedha kilichoanza Nairobi mwaka 2017. Mpwa wangu akamwuliza, "Babu, mtu anajuaje kama kazi hii inamfaa?" Mzee akampa bunda la risiti za mkahawa na kumwambia, "Kaa pale, mwanangu, nitafutie siku ambayo huyu mtu hakufungua." Kijana alikaa nayo mpaka watu walipoondoka. Siku ile aliipata: tarehe za risiti zilikuwa zimeruka.

Sasa kasoro, maana sitaki mseme nimelipwa kusifu. Ngazi ni nyembamba na hazina kishikio, mzee mwenzangu wa magoti asipande peke yake. Chumba kina joto na viti havitoshi, ukichelewa unasimama. Mzee hatumii kompyuta kwa raha, na mambo ya kuwasilisha ritani kwa mtandao hayagusi kabisa. Inabidi utafute kijana mwingine, na hapo unalipa tena. Kusoma vitabu kunachukua wiki kadhaa, hana haraka na hakubali kuharakishwa, kwa hiyo usimpelekee mwezi wa mwisho wa robo huku malipo yanakusubiri. Darasani akianza habari za mahakama hazimaliziki, jioni moja nzima ilikwenda huko na mada ya kodi ya zuio, ile inayokatwa kwenye malipo kama ya pango, ikapitiwa mbio mbio, ambayo kwa sisi tunaopanga stoo ilikuwa muhimu zaidi. Muda wa Magharibi anasimamisha na watu wanaswali, hilo amelipanga vizuri.

Lakini kubwa kuliko yote ni bei. Shilingi 120,000 kwangu ni sawa. Kwa mama wa maandazi anayenunua kwangu mfuko mmoja kwa wiki si sawa hata kidogo, na yeye ndiye anayekadiriwa kwa macho kwa sababu hana daftari. Mauzo yake hayafiki hata robo ya milioni 100 ambayo ndiyo mwisho wa kodi ya makadirio kwa wafanyabiashara wadogo, na daftari la shilingi elfu mbili lililoandikwa kila siku lingemlinda. Nilimwambia mzee hivyo uso kwa uso. Amekubali kufanya jioni moja kwa ajili yao, na sisi wa jumla tuchangie chai na madaftari. Mimi nimeshatoa ahadi yangu ya madaftari na nimewaeleza wateja wangu wote. Wenzangu wa unga na sukari wa Barabara ya 12 hadi ya 15, nawasubiri.

Mkienda kusomewa vitabu, pelekeni vya mwaka mzima, si mwezi mmoja mliouchagua wenyewe. Pelekeni taarifa za benki na za pesa za simu, daftari la stoo, daftari la makuli kama mnalo, na risiti za manunuzi zikiwa na kopi zake. Anapokea baada ya Alasiri, Jumatatu hadi Alhamisi.